Tumbo la Nondo wa Verner

Rigmor Balslev aliuza soseji bandarini Svendborg, Denmark, kwa miaka mingi, hata wageni wa feri wakadhani kibanda chake kilitangulia na mji ukafuata. Soseji nyekundu ndani ya mkate, haradali, vitunguu vya kukaanga, matango ya siki juu. Na ukisahau kusema asante, maneno yalikusindikiza mpaka ndani ya feri. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Ukimwambia, "Rigmor, soseji zako tamu," alijibu, "Najua." Ukimwambia, "Leo umependeza," alijibu, "Hilo nalo najua, lipa upishe wenzio." Kuna watu Mungu huwanyima haya ili apate nafasi ya kuwawekea vitu vingine, na Rigmor aliwekewa viwili: mikono isiyotetemeka, na hamu ya kuchungulia sehemu za siri za nondo, wale vipepeo wa usiku.

Msigune. Hiyo ni sayansi. Watu hupewa digrii kwa kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba wao huifanya kwa uso mkavu zaidi. Nondo wakubwa wenye madoadoa unawatambua kwa mabawa, kama unavyotambua timu kwa jezi. Lakini wale wadogo wa nchi za joto, wadogo kama chembe za mkate, wote wamevaa kahawia moja kama makarani. Mabawa yao husema uongo. Kisichosema uongo ni vyombo vya ndoa. Dume wa kila spishi ana ufunguo wa umbo lake, jike ana kitasa chake, na ufunguo wa huyu hauingii kwa yule. Kwa hiyo unamvunja nondo tumbo, unalichemsha kwenye magadi makali mpaka nyama iyeyuke, unasafisha kilichobaki kwa brashi yenye nywele chache, unakiweka chini ya hadubini, na hapo ndipo unapojua unazungumza na nani.

Rigmor alichemshia jikoni kwake, katika vichupa vilivyosimamishwa ndani ya sufuria ya maji moto. Sufuria hiyo hiyo ilikuwa ya viazi. "Magadi yako ndani ya kichupa, viazi viko nje ya kichupa," alimwambia yeyote aliyekunja uso. "Kama hutaki, kula kwako." Hadubini yenyewe aliinunua machinjio ya mji yalipofungwa. Maisha yake yote ilikuwa ikikagua minyoo kwenye nyama ya nguruwe, na sasa, uzeeni, imeona mambo.

Aliyemtia katika balaa hili alikuwa mteja wake, Holger Rask, fundi mkuu wa mitambo melini. Meli ikitia nanga Borneo au Sumatra, Holger alibaki sitahani kukamata nondo waliofuata taa, wakati wenzake wameshuka kufuata taa za aina nyingine. Alipofariki, maboksi yake yalirithiwa na chama chetu cha wapenda wadudu, na chama kikamkabidhi Rigmor jenasi moja, yaani kundi la spishi za karibu, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Ina jina la Kilatini refu kuliko nondo mwenyewe. Sisi tuliiita Makombo. Mabwana wa zamani, wenye ndevu nyingi na haraka nyingi, kila walipokutana na nondo mdogo wa kahawia asiye na pa kwenda walimtupa humo, kama mtu anavyotupia kila kitu kwenye droo ya jikoni: kipande cha kamba, betri iliyokufa, ufunguo wa mlango uliokwisha kubomolewa. Kazi ya Rigmor ilikuwa kuimwaga droo hiyo mezani, kisha aseme nani ni ndugu wa nani, nani alipotea njia akaingia nyumba isiyo yake, na nani hajapewa jina tangu aumbwe.

Kuhusu majina, ni lazima mfahamu adabu zetu. Wadenmark wakifika watatu huunda chama, chenye mwenyekiti, katiba na zamu ya kuleta keki. Chama chetu kilikuwa na kitu kimoja zaidi, ambacho hakimo kwenye katiba: spishi mpya huipi jina lako mwenyewe. Hakuna polisi wa kukukamata, lakini ni kama kujipigia makofi msibani. Unangoja mwenzako akupe. Jina lako linaongezewa herufi i mwishoni, linageuka Kilatini, na tangu hapo mauti hayakuwezi. Asger Lindholt, daktari wa meno na mwenyekiti wetu, alikuwa na chawa wa shakwe. Marehemu Holger alikuwa na nondo wake kadhaa. Hata mke wa Asger, ambaye akiona mdudu hupanda kiti, alikuwa na mbawakawa wa mavi. Asiyekuwa na kitu alikuwa Verner Gammelmark peke yake.

Verner alikuwa seremala mstaafu, na droo zote za chama zilitoka mikononi mwake. Pengine ndiyo sababu alisahauliwa, maana nani anakumbuka kulishukuru kabati? Alikuwa mtu wa kunyoosha. Akiona kiti kinayumba kwenye nyumba ya mtu, alikuwa ameshapiga magoti kabla hajasalimia. Mkewe alitangulia, watoto hawakupata, na kila Alhamisi alikula chakula cha mchana kwa Rigmor, amesimama, kofia kichwani.

"Rigmor," alisema Alhamisi moja, "katika Makombo yako yote, hakuna hata mmoja mwenye sura kama yangu?"

"Wote wana sura kama yako. Ndiyo maana kazi haiishi."

"Mwezi wa tano natimiza sabini na tano."

"Hongera. Ongeza haradali, ni bure kwa wazee."

"Nimeangalia kitabu cha simu. Gammelmark ni mimi tu. Nikiondoka mimi, bibie, ndiyo basi, hata simu ya makosa haitapigwa kwetu."

Alisema hayo akiwa anayaangalia matango. Rigmor aligeukia soseji zake. Siku hiyo alimwekea soseji ya tatu bila kuombwa.

Baada ya Pasaka alifikia safu ya nondo watatu, wote wa bandari moja ya Borneo, wote wa kahawia kama kawaida. Akachagua wa kwanza, akavunja tumbo, akachemsha, akatazama, akanyanyuka kitini. Akaketi. Akatazama tena. Kisha akapiga simu kliniki kwa Asger.

"Asger, acha meno ya watu unisikilize. Nimeona uume ambao sijawahi kuuona tangu nizaliwe!"

Asger alikuwa na mikono miwili ndani ya kinywa cha mwalimu mkuu, na simu ilikuwa kwenye spika.

Kilikuwa chombo cha ajabu kweli. Makombo wa kawaida ana kitu kama koleo dogo la kunyanyulia vipande vya sukari. Huyu alikuwa na mlingoti mrefu, uliopinda nchani, wenye miiba pembeni. Rigmor alikichora akaleta mchoro kwenye mkutano wa chama, ukapita mkono kwa mkono juu ya keki. "Spishi mpya," alitangaza. "Wala msiniulize kama nina hakika, mimi ndiye Rigmor. Jina lake ni gammelmarki."

Verner aliinuka, akaenda kurekebisha bawaba ya dirisha ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na akakaa huko ametupa mgongo mpaka uso ulipokauka. Kesho yake mji mzima ulikuwa unajua. Alimwambia kasisi, alimwambia mleta barua, alikwenda makaburini akamwambia mkewe. Asger akaanza kutunga wimbo, kwa sababu kwetu hapa hakuna mtu anayeruhusiwa kutimiza umri wa maana bila kutungiwa wimbo. Unachapwa, unaviringishwa ndani ya kitambaa cha mezani, na wageni wote huimba beti zote wakiwa wameketi, kwa sauti ya wimbo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeuweza.

Siku moja kabla ya sherehe simu ya Rigmor ililia. Alikuwa Daktari Ulrik Hjortdal wa makumbusho ya Kopenhagen, ambaye Rigmor alimpelekea mchoro autazame kabla ya kuchapishwa.

"Bibi Balslev, mchoro wako ni mzuri mno."

"Najua."

"Nina swali dogo tu. Wale wenzake wawili wa safu ile, umewafungua?"

"Niwafungulie nini? Mabawa ni yale yale, bandari ni ile ile. Ukinunua soseji tatu za pakiti moja, utazipasua zote kuhakikisha?"

"Ni kwamba chombo kile nimewahi kukiona. Lakini si kwa Makombo. Ni cha ukoo mwingine kabisa."

Rigmor alimshukuru kwa sauti ya kufunga mlango. "Hawa watu wa Kopenhagen," aliiambia sufuria, "jua likichomoza wanauliza limepewa ruhusa na nani." Akamvunja tumbo nondo wa pili, makusudi, ili amtie daktari yule aibu. Koleo la sukari. Akamvunja wa tatu. Koleo la sukari tena, la spishi ya Makombo iliyo ya kawaida kuliko zote, yenye jina lake tangu enzi za mabwana wa ndevu.

Hapo akamrudia wa kwanza, kile kilichobaki kwenye pini: kichwa, kifua na mabawa. Akamgeuza kiuno kwenye mwanga. Pale tumbo lilipokuwa limeshikana na kifua kulikuwa na tone la gundi, la kahawia, limekauka liking'aa, na ndani ya tone kulikuwa na chembe ya vumbi la mbao. Gundi ya useremala iliyochemshwa kwa ngozi, na vumbi la mwaloni. Katika Svendborg nzima aliyewahi kuwa na vitu hivyo viwili, pamoja na ufunguo wa kabati la chama, alikuwa mtu mmoja.

Maboksi ya Holger yalipoletwa kutoka melini yalikuwa yametikiswa na bahari. Matumbo yamekatika, yamejaa chini ya boksi kama ufuta. Kanuni inasema tumbo lisilojulikana la nani liwekwe pembeni, lisishikizwe kwa yeyote. Lakini Verner ndiye aliyekabidhiwa maboksi, na Verner alikuwa mtu wa kunyoosha.

Rigmor alikaa mezani mpaka viazi vikaungua. Kumwambia Verner ni kumnyang'anya jina siku ya sherehe yake. Kunyamaza ni kuchapisha uongo. Akapekua Makombo yote yaliyobaki, akitafuta mwingine asiye na jina, ingawa alijua jibu. Yupo mmoja. Alikuwa spishi mpya halali, mwenye tumbo lake mwenyewe, lakini alikuwa ameshatengwa. Ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote na aliyepauka kuliko wote, na vyombo vyake vya ndoa vilifanana na alama ya mkato iliyokosewa. Rigmor alimweka kwa ajili ya Kaj. Kaj alikuwa mumewe, aliyewacheka nondo wake kwa miaka, kisha akahamia Jutland na mwanamke mwenye karavani, nyumba ya magurudumu. Hakuna adabu ya chama inayokataza kumpa nondo jina la adui, na Rigmor alikuwa akiulea utamu huo taratibu, kama mtu anayelowesha samaki kwenye siki akijua atamla lini.

Asubuhi aliifunga hadubini kwenye kitambaa cha meza, akaipakia kwenye kigari nyuma ya baiskeli, akaenda. Wageni walipomwona anaingia nayo walisema, "Ona zawadi hiyo!" Uani kwa Verner bendera ilikuwa juu mlingotini, ndani meza zilijaa vibendera vidogo, samaki wa siki, mkate mweusi na snapsi, pombe kali ya baridi. Verner alikuwa amevaa suti ya harusi yake, imembana tumboni.

"Verner, njoo karakana mara moja."

"Sasa hivi? Samaki wako mezani."

"Wameshakufa, hawaendi popote. Njoo."

Karakanani alimweleza yote, bila sukari. Verner alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa benchi lake la kazi.

"Yule hakuwa na tumbo," alisema mwishowe. "Nakumbuka. Wenzake wote wana matumbo, yeye yupo hivi hivi, nusu. Ungemwacha?"

"Ningemwacha!"

"Mimi sikuweza. Nilikuta tumbo linamtosha kabisa, Rigmor. Liliingia kama ulimi wa droo."

"Liliingia, ndiyo. Umemuoza mtu kwa vyombo vya jirani."

Verner alicheka kidogo, kisha akaacha. Kutoka sebuleni walisikika wageni wakijaribu sauti za wimbo.

"Ukichapisha tu hivyo hivyo?" aliuliza. "Nani atajua?"

"Hjortdal anajua. Na siku wakitangaza, jina lako halifutwi. Majina hayafutwi, Verner. Linashushwa chini kwa herufi ndogo, chini ya jina la kweli, kwamba hili ni kosa."

"Kwa hiyo nitabaki."

"Utabaki kama kosa."

"Watu wengi wamebaki kwa njia hiyo, na wamewekewa sanamu."

"Mimi je?" Sauti ya Rigmor ilipanda. "Pembeni ya jina lako linaandikwa jina la aliyelitoa. Gammelmarki, Balslev. Nimeuza soseji maisha yangu yote, sijawahi kumuuzia mtu ya jana nikamwambia ya leo. Nakupenda, mzee wangu, lakini uongo ninaoujua sitauwekea jina langu. Hata kwa sabini na tano yako."

Hapo ndipo Verner alipoketi juu ya sanduku la misumari. Hakulalamika. Alianza kufuta vumbi kwenye benchi kwa kiganja, vumbi ambalo halikuwepo, na Rigmor akaona bora angelia.

"Yupo mwingine," alisema.

Akafungua kitambaa, akaiweka hadubini kwenye benchi, akaigeuza dirishani, akamweka nondo yule mdogo chini ya lenzi. Akamweleza habari za Kaj, kwa ufupi na kwa matusi. Verner aliinama akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayekagua ubao kama umenyooka.

"Ni kadogo," alisema.

"Ni kadogo kweli."

"Na kamepinda."

"Kamepinda, siwezi kukuficha."

"Na huyu... hili tumbo. Ni lake mwenyewe?"

"Lake mwenyewe. Nimemkagua kiunoni mara mbili. Hajawahi kuguswa na seremala."

Verner alinyanyua kichwa. "Na Kaj je? Umemngoja muda wote huo."

"Kaj atakufa kama watu wengine," alisema Rigmor, na ilimuuma, mtu yeyote aliyemjua angeona. "Unamtaka au humtaka? Wageni wako watamaliza snapsi."

"Namtaka."

Walirudi ndani, wakaketi, na kabla hawajapata nafasi ya kusema lolote Asger aligonga glasi na wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza haukuwa na tatizo, kwa kuwa jina lilikuwa lile lile:

*Wengine tutazikwa, Verner atabaki,*
*maana yupo nondo aitwa gammelmarki!*

Lakini Asger alikuwa ameuona ule mchoro, na mtunzi akishaona kitu kama kile hawezi kukiacha nje ya ubeti wa pili:

*Kwa sura ni chembe tu, hana la fahari,*
*ila chombo chake, wenzangu, mlingoti wa manowari!*

Verner aliimba kwa nguvu kuliko wote mpaka kwenye mlingoti, hapo sauti ikakatika. Mabega yakaanza kutetemeka. Kasisi alidhani ni moyo, akainuka kumshika. Haukuwa moyo. Mzee alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha mezani, anacheka hadi machozi, na Rigmor pembeni yake amekuwa mwekundu kama soseji zake.

"Kuna kosa la vina?" aliuliza Asger, ambaye vina ndivyo vilivyokuwa udhaifu wake.

"Vina ni safi, bwana," alisema Verner alipopata pumzi. "Kosa ni langu." Akasimama, akawasimulia habari ya tumbo na gundi, bila kujitetea, isipokuwa alisisitiza kwamba kiungo kilikuwa kizuri, hata Rigmor hakukiona kwa mara ya kwanza. Rigmor alisema alikiona kwa mara ya pili, na kwamba Daktari Hjortdal aliuliza swali la maana, na kwamba mtu akimwambia Hjortdal kuwa amesema hivyo, asije tena kununua soseji kwake.

Wakataka kumwona nondo mwenyewe. Kahawa ikanywewa kwenye foleni, kutoka mezani, kupitia uani, mpaka karakanani. Kila aliyefika aliinama, akafumba jicho moja, akainuka akitafuta neno la heshima. Kasisi alisema viumbe vyote ni vyema. Mke wa Asger alisema angalau hatambai. Asger mwenyewe alitazama kwa makini ya kitabibu, akarekebisha miwani, akatazama tena.

"Verner, ndugu yangu," alisema, "mimi nimeng'oa meno ya watoto makubwa kuliko hicho."

"Lakini ni changu," alisema Verner. "Sogea, wengine nao waone."